Probiotiki na Kifaranga Asiye na Mama

Wahenga walinena kuwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo kifaranga hulipokea kwa mamaye pasi na kufunzwa, nalo ni vijidudu vya tumboni. Makala haya yananuia kueleza jinsi jambo hilo lilivyogunduliwa, na kwa nini hutajwa kila inapojadiliwa njia ya kufuga kuku bila kuwalisha viuavijasumu siku nenda siku rudi.

Yafaa tuanze na viuavijasumu vyenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu wawili wa Marekani, Stokstad na Jukes, walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya kuku. Waliwalisha vifaranga masalio yaliyobaki baada ya kutengenezwa kwa dawa ya aureomaisini, wakashangaa kuona wanakua upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kumbe masalio yale yalikuwa bado na chembechembe za dawa! Tangu hapo ikawa desturi katika nchi nyingi kuchanganya dawa kidogo katika chakula cha kuku wazima wasiougua chochote.

Kasoro imo katika neno hilo "kidogo". Kipimo kidogo kinachotolewa kwa muda mrefu huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu, nao huzaana na hata kurithisha usugu wao kwa bakteria wa aina nyingine. Mfano ulio bayana ni avoparsini, dawa ya kukuzia kuku iliyo na nasaba ya karibu na vankomaisini, ambayo hospitalini huwa miongoni mwa dawa za mwisho kukimbiliwa. Bakteria aliyezoea ile ya kuku alikuwa tayari ameshaishinda ile ya binadamu. Denmark iliipiga marufuku mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1997. Uswidi ilikuwa imekwisha kuzikataa dawa zote za kukuzia mifugo tangu 1986, na kuanzia tarehe 1 Januari 2006 katazo hilo likaenea katika Umoja wa Ulaya mzima.

Sasa turejee kwa kifaranga. Mwaka 1971, kuku wa nyama nchini Finland walikumbwa na mlipuko wa salmonela. Mtaalamu Esko Nurmi na mwenzake Rantala walijiuliza swali ambalo kwa kweli ni la kifugaji zaidi ya kuwa la maabara: kwa nini kifaranga wa siku moja huambukizwa kwa bakteria wachache mno, ilhali kuku mzima huhimili wengi? Jibu lao, lililochapishwa mwaka 1973, lilikuwa kwamba kifaranga wa mashine ni yatima. Yai lake husafishwa, huanguliwa katika kiatamizi, naye hupelekwa katika banda lililopigwa dawa. Yule wa kienyeji hudonoa penye kinyesi cha mamaye, na utumbo wake hupata wakazi mapema. Nurmi na Rantala waliwanywesha vifaranga mchanganyiko uliotokana na matumbo ya kuku wazima, na wengi wao wakaikinza salmonela. Walichokifanya kilikuwa kurudisha tu kile ambacho mashine ilikiondoa.

Probiotiki zinazouzwa leo ni wazawa wa fikra hiyo: bakteria wa jamii ya laktobasila na basila, pamoja na hamira za aina fulani. Hushika nafasi kwenye ukuta wa utumbo, hugombania chakula na wavamizi, na baadhi yao hutoa asidi ileile inayoyachachusha maziwa lala na mursik. Hazina budi kuwa hai. Basila hupendwa na watengenezaji wa chakula cha kuku kwa kuwa mbegu zake huvumilia joto la kiwandani; laktobasila wengi hufa.

Tusizitukuze kupita kiasi, lakini. Probiotiki haitibu kideri wala haifuti uchafu wa banda, na matokeo yake hutofautiana kutoka shamba moja hadi jingine. Kuku aliyekwisha kuugua ugonjwa wa bakteria bado anahitaji daktari wa mifugo na, pengine, kiuavijasumu chenyewe kwa kipimo kamili.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoguswa. Neno "kiuavijasumu" limebeba sumu na mauaji ndani yake, na mfugaji aliyezoea kulisikia ataidhania probiotiki kuwa dawa nyingine ya kuua. Ataikoroga katika maji ya mfereji yenye klorini, au pamoja na oksitetrasaiklini, na hapo atakuwa amewaua aliowanunua. Ajabu ni kwamba kanuni yenyewe anaijua: chanjo hai ya kideri inayonyweshwa kuku haitiwi katika maji yenye klorini. Kinachokosekana ni jina la kumkumbusha kuwa ndani ya pakiti mna viumbe hai. Mimi naegemea "vijidudu rafiki", ingawa huenda wanaistilahi wakaliona refu na la kitoto. Na maagizo ya pakiti hizo, ambayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, yanangoja mfasiri.