Tone Juu ya Glavu

Sogeeni, wajukuu zangu, hasa nyinyi mnaoanza kuingia maabara kufanya utafiti wenu wenyewe. Leo sisimulii habari za sungura wala fisi. Nasimulia habari za mwanakemia aliyefuata masharti ya kazi yake, na sumu ikampata vilevile.

Jina lake Karen Wetterhahn, profesa wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, bingwa wa kuchunguza jinsi metali zinavyodhuru mwili. Agosti 1996 alikuwa akihamisha dimethilimekuri, kimiminika chenye zebaki, apate kipimo cha kulinganishia katika mashine yake ya kupimia. Alifanya kazi ndani ya kabati linalofyonza mvuke, mikononi kavaa glavu za lateksi, zile nyembamba kama za hospitalini. Tone moja au mawili yakamwangukia juu ya glavu. Akasafisha, akavua glavu, siku ikaisha.

Miezi ikapita. Januari 1997 akaanza kuyumba akitembea, na ulimi ukawa mzito. Alipopimwa damu, zebaki ilikutwa imepita mara nyingi kiwango kinachohesabiwa kuwa sumu. Alipewa dawa za kuitoa, lakini ubongo ulikuwa umeshaharibika. Alifariki Juni 8, 1997, akiwa na miaka 48.

Glavu je? Zilipopimwa, ikaonekana kimiminika kile hupenya lateksi kwa sekunde 15 au pungufu, bila kuitoboa. Hilo halikuwa likijulikana. Wenzake wakawatahadharisha wanakemia wengine: tafuteni kitu chenye sumu ndogo zaidi cha kulinganishia, na asiye na budi avae glavu mbili, ya ndani ya matabaka ya plastiki, ya nje nzito na ndefu.

Angalieni mpangilio huo. Kwanza ondoa hatari. Glavu hufuata baadaye. Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa, jiulize: Kitu hiki kinadhuru vipi? Kitanifikia kwa ngozi, pumzi, macho au mdomo? Naweza kutumia kingine? Kama siwezi, kinga ipi imepimwa dhidi yake? Na kikimwagika, nafanya nini, namwita nani?

Msidhani haya ni ya maprofesa tu. Chukueni asidi ya salfuriki iliyokolea ya shuleni. Ukiimimina polepole ndani ya maji huku ukikoroga, joto linasambaa. Ukimimina maji juu ya asidi, maji yanachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Vitu ni vilevile, chupa ni zilezile. Kilichobadilika ni utaratibu, nao haununuliwi.

Watu husema ajali haina kinga. Maabarani msemo huo ni kisingizio. Ukikabidhiwa chupa, soma lebo mpaka mwisho, na usipoelewa, muulize mwalimu kabla hujaifungua.