Fahamu: Ukiugua, nani anaamua kwamba u mgonjwa?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, iko wazi. Mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini ana haki ya angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo na kuleta cheti cha daktari, au cha msimamizi wa zahanati kwa niaba ya daktari.

Ila cheti hupokewa na mtu. Kuna afisa wa wafanyakazi anayesema "ugua pole", na kuna anayeuliza kwanza, "Wewe tena?"

Ukanda wa Ziwa, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay na Siaya, umezoea malaria, na ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida huku. Mwenye selimundu anaweza kulazwa leo kwa maumivu makali, na baada ya siku chache akaonekana mzima kabisa. Afisa asiyeujua ugonjwa huo humwona mvivu. Hapo ndipo dhuluma huanzia: shaka ya mtu mmoja hugeuka barua ya onyo, na barua hugeuka kufutwa kazi.

Lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinamlazimu mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na amsikilize, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kabla ya kumwachisha kazi kwa kukosa uwezo wa kimwili.

Ndugu msomaji, weka nakala ya kila cheti. Ukidhulumiwa, Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ipo Kisumu.