Mama Yangu na Kura ya Mwaka 1965



Marehemu mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi duniani miaka 80 na zaidi, na katika umri huo wote nilimsikia akilijutia jambo moja tu. Halikuwa mali iliyozama baharini, wala safari yenye hatari. Lilikuwa kura aliyoipiga mwaka 1965.

Wakati huo Mbunge wetu wa Rufiji alikuwa Bibi Titi Mohamed. Vijana wengi hulijua jina hili kwa ile barabara ya Dar es Salaam tu, basi yafaa nieleze kidogo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika nyumba ya Kiislamu. Baba yake hakupenda binti yake aingie shule ya serikali. Alipofariki, mama ndiye aliyempeleka, akasoma hadi darasa la nne. Aliozwa angali mdogo, wakaachana, naye akabaki na binti mmoja. Mjini alijulikana kwa sauti yake katika ngoma ya Bomba. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwa na akina mama, yeye ndiye aliyetolewa mbele. Na mume wake wa wakati huo alikuwa amekwisha kukata kadi ya chama kabla yake. Bibi Titi aliwaendea viongozi wa ngoma za wanawake, na katika miezi michache akaandikisha wanawake wapatao 5,000. Baada ya hapo alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia watu ambao hawajapata kumwona mwanamke wa Kiislamu akisimama jukwaani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, haukupita mwaka akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake.

Kwetu Maparoni, ambako mtu hafiki ila kwa chombo kupitia mikokoni, habari zake zilifika zikiwa zimechanganyika na minong'ono. Mwanamke gani huyu asiyelala kwake? Katika uchaguzi wa mwaka 1965 karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake ya nyumba. "Baba yako aliniambia alama ya kuchagua, nikaichagua," alinieleza mama. "Sikumchukia yule bibi. Sikumfikiri kabisa." Bibi Titi akashindwa.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa na nyumba zake, na kodi ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Akaona heri aache uongozi. Mwanachuoni yeyote atakwambia kwamba sheria yetu humpa mwanamke mali yake mwenyewe, wala mumewe hana haki nayo bila ya ridhaa yake; nami nadhani hilo lilikuwamo moyoni mwake, ingawa najua wako watakaonipinga. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe.

Baba yangu alifariki mwaka 1979, nami ningali mtoto. Mama hakurudi kwa kaka zake. Alikausha uduvi, akasuka mikeka ya ukindu, akapanda mashua hadi Nyamisati, akauza. Mwaka wa pili alifika Mafia. Baadaye Kilwa, Dar es Salaam, Unguja, Tanga, na mara mbili Mombasa. Alikuwa akijua bei ya mkeka katika miji sita, na jina la nahodha wa kila chombo, na ni yupi anayepunguza nauli kwa mjane na yupi ajifanyaye hasikii.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa kijana nikisoma chuoni, niliona haya mbele ya wenzangu, nikamwambia mama kuwa mwanamke hasafiri bila ya maharimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua uduvi.

"Na maharimu wangu ni nani? Kaka zangu wamekufa. Umebaki wewe, nawe huna hata nauli ya kwenda Nyamisati. Mimi nasafiri na wanawake wenzangu wawili, watu wazima, waaminifu. Kamwulize sheikh wako."

Nilikwenda. Sheikh wangu akanambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii wako maulamaa walioruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na kwamba safari nyinginezo zina hitilafu baina yao. Kisha akaniuliza ni nani aliyenunua juzuu niliyoishika mkononi. Nilirudi nyumbani nikanyamaza, na sikulisema tena neno lile.

Tarehe 5 Novemba 2000 Bibi Titi alifariki huko Johannesburg. Habari tuliisikia redioni, mama akiwa amerejea siku chache kutoka Kilwa. Alinitaka niwakusanye watoto wa chuo wasome khitima. Mchele alitoa yeye, na sukari, na nazi. Aliketi nyuma ya pazia mpaka dua ikaisha, nami nikasikia akilia, jambo ambalo sikulisikia hata siku ya mazishi ya baba. Kisha akafunga mzigo wake wa mikeka, kwa kuwa bamvua lilikuwa limewadia na mashua ya Nyamisati ilikuwa inaondoka na maji ya alfajiri.