Seli shina kwa diski za mgongo: Tiba inauzwa kabla haijathibitishwa

Kliniki za kibinafsi katika nchi mbalimbali zinatangaza sindano za seli shina kuwa ni dawa ya diski za uti wa mgongo zilizochakaa. Mgonjwa huahidiwa kwamba sindano moja itaifufua diski na kumwepusha na upasuaji. Lakini majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, Australia na Ulaya yanaonyesha kwamba ahadi hiyo imetangulia mbele ya ushahidi.

Maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Kwa mujibu wa utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023, watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo mwaka 2020, na inakadiriwa kuwa idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Madereva wa masafa marefu, wabeba mizigo wa bandarini, wauguzi wanaonyanyua wagonjwa na wakulima wa jembe la mkono wanayafahamu vizuri. Kwa Waswahili wengi walio ughaibuni, ambao kipato chao kinategemea nguvu za mwili, mgongo ukigoma na fedha za kutuma nyumbani zinakwama.

Ndiyo maana habari ya seli shina imepata wasikilizaji wengi kiasi hicho.

Diski ni kitu gani?

Kati ya pingili za uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi kiunoni, kuna diski 23. Kila diski ina sehemu mbili. Katikati kuna kiini laini mfano wa jeli, chenye maji mengi, na kuzunguka kiini hicho kuna pete ngumu ya nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kazi ya diski ni kupokea uzito wa mwili na kuuwezesha mgongo kupinda bila mifupa kusagana.

Kwa mtoto mchanga kiini hicho huwa ni maji kwa karibu asilimia 90. Umri unavyosonga maji hupungua, na uzeeni hubaki karibu asilimia 70. Diski husinyaa, pete yake hupata nyufa, na wakati mwingine kiini hutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu. Hapo ndipo mtu husikia maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Tatizo ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Oksijeni na sukari hupenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na ya chini. Katika diski kubwa za kiunoni, seli zilizo katikati ziko umbali wa milimita sita hadi nane kutoka mshipa wa damu ulio karibu. Kwa hiyo seli ni chache mno, na zinachukua kama asilimia moja tu ya ujazo wa diski. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu huleta vifaa vya ukarabati. Diski haina msaada huo.

Wazo la seli shina

Seli shina zinazotumika zaidi katika utafiti huu hutoka kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Katika maabara seli hizo zinaweza kugeuka kuwa za mfupa, za gegedu au za mafuta. Mwanasayansi Mmarekani Arnold Caplan ndiye aliyezipa jina la seli shina za aina hiyo mwaka 1991, na watafiti wakaanza kujiuliza: kama diski imepungukiwa na seli, kwa nini tusiiongezee?

Nchini Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokai walizipandikiza seli hizo kwenye diski za sungura mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kupata matokeo ya kutia moyo. Mwaka 2011 madaktari wa Barcelona, Hispania, walitoa taarifa ya wagonjwa 10 waliochomwa seli za uboho wao wenyewe. Maumivu yalipungua ndani ya miezi michache na maji ndani ya diski yakaongezeka, ingawa kimo cha diski hakikurudi. Hata hivyo, jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha.

Jambo hilo si dogo. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda hospitali siku yanapokuwa makali zaidi. Akipewa chochote siku hiyo, hata maji ya chumvi, kuna uwezekano mkubwa wa kujisikia nafuu baada ya wiki kadhaa. Bila kundi la pili lililochomwa sindano isiyo na seli, hakuna anayeweza kusema kwa yakini ni kitu gani kilichomponya.

Majaribio makubwa yasemavyo

Kampuni ya Mesoblast ya Australia ndiyo iliyofika mbali zaidi. Katika jaribio lake la awamu ya tatu, wagonjwa 404 wa Marekani na Australia waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata seli peke yake, wengine seli zilizochanganywa na asidi ya hayaluroniki, na wengine maji ya chumvi. Matokeo yalitangazwa Februari 2021. Lengo kuu, lililopima kwa pamoja kupungua kwa maumivu na kuimarika kwa utendaji wa mwili, halikufikiwa. Maumivu peke yake yalipungua zaidi kwa waliopata mchanganyiko, hasa wale ambao ugonjwa wao haukuwa umezidi miaka mitano. Kwa sababu hiyo kampuni ilianza mwaka 2024 kuandikisha wagonjwa wa jaribio jingine la awamu ya tatu.

Ulaya nayo ilifanya jaribio lililopewa jina la RESPINE. Wagonjwa 114 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa seli milioni 20 zilizotolewa na watu wengine, na la pili likafanyiwa matibabu ya kuigiza. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya kutosha kati ya makundi hayo.

Kwa nini mambo yaliyoonekana kwa sungura hayakutokea kwa binadamu? Jibu moja linatokana na umbile la diski yenyewe. Diski iliyochakaa ina oksijeni kidogo, sukari kidogo na tindikali nyingi. Ni mazingira yaliyoziua seli zilizokuwepo, na seli ngeni zinapoingizwa humo zinakabiliwa na njaa ile ile. Mkulima anajua kwamba mbegu nzuri haitoshi ikiwa shamba limekauka. Isitoshe, diski ya sungura ni ndogo sana, na chakula kinasafiri umbali mfupi.

Jibu la pili ni kwamba huenda seli hizi hazijengi diski mpya hata kidogo. Hayati Caplan mwenyewe, mwaka 2017, alipendekeza jina la seli shina liachwe, kwani kwa maoni yake kazi yao kubwa mwilini ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuamsha seli nyingine. Kama ni hivyo, kinachouzwa kama ufufuo wa diski huenda ni kituliza maumivu chenye bei kubwa.

Soko halikusubiri

Pamoja na hayo, biashara inaendelea. Nchini Marekani mamlaka ya dawa na chakula, FDA, haijaidhinisha seli shina yoyote kwa matibabu ya diski. Desemba 2024 iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli shina za aina ya uboho tulizozieleza, lakini ni kwa watoto waliopata matatizo makali baada ya kupandikizwa uboho. Nchini India, ambako wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupelekwa, mwongozo wa taifa wa mwaka 2017 uliruhusu kama tiba ya kawaida upandikizaji wa seli za damu tu, kwa magonjwa yaliyotajwa, na matumizi mengine yakaagizwa yafanyike ndani ya majaribio yaliyosajiliwa.

Hatari nazo si za kufikirika. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa, kwenye viungo au mgongo, bidhaa zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu. Kwenye diski maambukizi ni mabaya zaidi, kwa sababu dawa za antibaiotiki husafiri kwa damu, na damu haifiki humo.

Kabla ya kutoa fedha

Familia inayochangishana ili kumpeleka mzee au dada nje ya nchi ina haki ya kuuliza. Je, hili ni jaribio lililoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo? Mbona mgonjwa anatozwa fedha, ilhali katika majaribio mengi ya kweli halipii dawa inayojaribiwa? Seli zinatoka wapi, na nani atamfuatilia mgonjwa baada ya mwaka? Ifahamike kwamba jina la kliniki kuonekana kwenye orodha ya majaribio katika intaneti si sawa na kibali cha serikali.

Vilevile, picha ya MRI isimtishe mtu. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya taarifa za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ulionyesha kwamba asilimia 37 ya wenye miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Kuchakaa kwa diski peke yake si hukumu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, lilipendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na tiba ya viungo kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Lilishauri dhidi ya mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni. Lakini anayeshindwa kuzuia haja, anayekufa ganzi sehemu za siri, au ambaye miguu inaishiwa nguvu awahi hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayoambatana na homa au kukonda nayo yachunguzwe haraka, kwani kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu.

Huenda siku moja seli shina zikapata nafasi yake katika tiba ya diski, na jaribio lililoanza 2024 ni miongoni mwa yatakayotoa jibu. Hadi hapo, wanaostahili kubeba gharama ya kujaribu ni watafiti, si mgonjwa aliyeuza shamba lake.