Kuhesabu vidonda vipya vya wagonjwa wa kitandani

Huku Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga, mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutunzwa nyumbani na jamaa yake. Wako waliojeruhiwa uti wa mgongo vitani; wakisha kutoka hospitali huko Goma, kazi inabaki kwa mama, mke au mtoto. Hatari kubwa ni kidonda cha kulalia: mfupa unakandamiza ngozi, damu haipiti, nyama inakufa.

Mashemasi wanaotembelea wagonjwa wanaweza kupima kama matunzo yanafaa. Lakini tuhesabu vizuri. Tuseme tuna wagonjwa 12, na mwanzo wa mwezi 2 tayari wana vidonda. Hao tunawahudumia, ila tunawaandika kando. Wanabaki 10. Kama 1 kati yao amepata kidonda mwisho wa mwezi, hesabu yetu ni 1 kwa 10. Tukisema 3 kwa 12, tunachanganya vya zamani na vipya, na tunaweza kumlaumu mama aliyetunza vema.

Tuangalie kiuno, makalio, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, tuguse. Joto, ugumu au maumivu ni dalili, hata kabla ngozi haijapasuka. Tuandike siku hiyo hiyo.

Hesabu ikipanda, tusitafute mkosaji. Tuulize: nani anamgeuza usiku? Kila baada ya saa 2 ni mzigo mzito kwa mtu mmoja. Washirika watatu wakipokezana, unabebeka.