Abonema ya Mazembe: tulipe sasa ao tungoje?

Kila mwaka Septemba ikifika, mambo mawili yanagonga mlango pamoja: minervali ya watoto na musimu mpya wa mpira. Wamama wengi wametuuliza kama inafaa kununua abonema ya uwanja wa Kamalondo, ile kadi ya kulipa mara moja na kuingia musimu wote.

Hatudharau mpira. Mazembe ilianza mwaka 1939 kwa wamisionari Wabenedikti, imekuwa bingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 ilicheza fainali ya dunia na Inter ya Milano. Tena mwaka 2024 timu yake ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Sasa binti zetu nao wanaomba kwenda uwanjani, na hatuoni sababu wabaki kuosha sahani wakati kaka zao wanatoka.

Lakini tufanye hesabu. Chukua bei ya abonema, igawanye kwa bei ya tiketi moja ya sehemu ile ile. Tuseme inatoka 10: kadi inaanza kukupa faida mechi ya 11. Kisha hesabu siku ambazo kweli mtaenda. Toa mechi za katikati ya juma, watoto wako masomoni. Toa siku za kilio, za arusi, za malaria. Toa Januari na mvua zake. Mama wa Ruashi ao Katuba aongeze pesa ya bisi, maana dereva hajui abonema. Nyumba nyingi hazitafika 11.

Musimu wenyewe unaweza kukatika. Mwaka 2020 ligi yetu ilisimamishwa kwa sababu ya korona. Mwaka kama ule, anayelipa mechi kwa mechi anabaki na pesa yake mkononi.

Kabla ya kulipa, uliza: kadi inaingiza hata mechi za Afrika? Kwenye makundi ni tatu tu za nyumbani, na ndizo watoto wanazililia. Mechi za wasichana je? Baba akisafiri, mtoto anaweza kutumia kadi yake?

Sisi tunaona minervali itangulie, na zamu ya likelemba isiguswe kwa ajili ya kadi. Kama baba hakosi hata mechi moja, abonema yake ina maana, naye ailipe mwenyewe. Kwa watoto, wekeni franka kidogo kila juma ndani ya kopo, mchague mechi nne, moja iwe ya Lupopo. (Wamama wa Lupopo, hesabu ni ile ile, rangi tu ndiyo inabadilika.)

Wanaotaka kupeleka binti zao waandikishe majina kwa mweka hazina kwenye mkutano ujao. Tukifika 15, tutakodi bisi moja na kugawana bei.