Kabla ya namba na rangi, mtoto ajue kusema 'maji'

Wapo watoto wa mwaka mmoja na nusu wanaotamka "wani, tuu, tirii" wakifuatisha katuni ya kwenye simu, na wageni wakifika huitwa sebuleni kuonesha ujuzi wao. Mtoto huyohuyo akishikwa na kiu, analia. Anapewa uji, anaukataa. Anabebwa, anarusha miguu. Baada ya vurugu zote hizo ndipo mtu anakumbuka maji.

Maneno ya kwanza yenye faida kwa mtoto ni yale yanayompatia kitu au kumwondolea karaha: maji, nipe, beba, tena, basi, sitaki, kojo, inauma. Namba na rangi zina wakati wake. Mtoto anayeweza kusema "inauma" huku akishika sikio amemrahisishia kazi mzazi, na daktari pia.

Kikwazo kikubwa majumbani mara nyingi ni wema wa wakubwa. Mama, bibi na dada wa kazi wanamjua mtoto kiasi kwamba akinyoosha mkono tu, kikombe kimeshafika mdomoni. Sasa aseme ili iweje?

Dawa yake haina gharama: kusubiri. Shika kikombe akione, mtazame usoni, sema "maji", kisha hesabu kimoyomoyo hadi tano. Akitoa sauti yoyote, hata "ma", mpe hapohapo. Akikaa kimya, mpe vilevile huku ukilitaja tena neno. Huu si mtihani, na mtoto hanyimwi maji ili afundishwe kuongea. Unaweza pia kumpa nafasi ya kuchagua: "Ndizi au uji?" Akigusa ndizi, mtajie: "Ndizi. Unataka ndizi."

Kiswahili chenyewe kinamsaidia, kwa kuwa maneno ya kuomba au kuamuru ni mafupi na hayana kiambishi mbele: beba, toa, lete, fungua. Kwenye majina ya vitu mtoto hukata mwanzo wa neno. Kiatu kinakuwa "atu", kikombe kinakuwa "kombe". Hakuna haja ya kumkaripia wala kumcheka. Mjibu kwa neno kamili, "Ndiyo, kiatu. Tuvae kiatu," na muendelee na safari yenu. Kumwambia "sema vizuri kwanza" humkatisha tamaa mtoto aliyekuwa ameshajaribu.

Dada wa kazi anayeshinda na mtoto kutwa nzima aelezwe mpango huu, tena mapema. Mama akisema "choo" na dada akisema "poti", mtoto anabeba kazi mbili kwa haja moja.

Kuhusu simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 haupendekezi mtoto wa mwaka mmoja akalishwe mbele ya skrini, na akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Katuni inaongea sana, lakini haimsubiri mtoto ajibu.

Nyumba zenye lugha mbili zisiwe na hofu. Bibi akiongea Kisukuma na mama Kiswahili, hilo halimcheleweshi mtoto kuongea. Maneno yake yakihesabiwa, ya lugha zote mbili yanajumlishwa.

Lipo pia suala la udata, ule utando unaoshikilia ulimi kwa chini. Mtoto akichelewa kusema, baadhi ya familia hukimbilia kuukata nyumbani kwa wembe. Udata unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au baadaye kutamka baadhi ya sauti, lakini si sababu ya mtoto kutoanza kuongea. Wembe unaleta damu na maambukizi. Kama ulimi unatia shaka, uangaliwe hospitali.

Kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni masikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kupunguza usikivu. Na mtoto kushtuka mlango ukibamizwa hakuthibitishi kwamba anasikia maneno yanayosemwa kwa sauti ya kawaida.

Kwa kawaida, watoto wengi wakifika miezi 18 hujaribu kusema walau maneno matatu mbali na "mama" na "baba", na wakifika miaka miwili huunganisha mawili, kama "maji tena". Miezi 18 ndiyo umri wa kurudi kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Foleni ni ndefu na muuguzi ana haraka, lakini mzazi mwenye wasiwasi asiondoke kabla ya kuusema na kuomba mtoto apimwe usikivu. Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayaacha asisubiri tarehe ya kwenye kadi. Apelekwe wiki hiyohiyo.